Acheni kupima mafundo kwa saa

Kwenye mafunzo ya upasuaji anayesifiwa ni mwenye vidole vyepesi. Akifunga uzi kwa mkono mmoja, chapchap, wenzake wanamwangalia kwa wivu na mwalimu anatazama saa huku anatabasamu. Mimi naona tunamsifu kwa jambo lisilomsaidia mgonjwa.

Fundo la kuaminika ni lile la mraba. Mzunguko wa kwanza unakwenda upande mmoja, wa pili unageuzwa, na mikono inapishana ili ncha zote mbili zivutwe sawasawa na fundo lilale bapa. Mwenye haraka hapishanishi mikono. Anavuta ncha moja kwenda juu, ile nyingine inabaki kuizunguka tu. Kwa macho ni fundo. Kwa kweli ni kitanzi kinachoteleza, na ukirundika sita vya namna hiyo bado una rundo la vitanzi. Ndiyo maana ningetaka mikono miwili ifundishwe kwanza, tena kwa muda mrefu. Kasi wataipata wenyewe kwenye zamu za usiku, watake wasitake.

Uzi nao una tabia zake. Hariri imesukwa, inajishika, mizunguko mitatu kwa kawaida inatosha. Nailoni na polipropilini ni nyuzi moja laini inayokumbuka ilivyokunjwa kwenye pakiti na kutaka kurudi hivyo hivyo, kwa hiyo wengi hufika mitano au sita. Lakini mwanafunzi huambiwa "piga tatu" bila mtu kumuuliza ameshika uzi gani! Na akiubana uzi huo laini kwa meno ya koleo la sindano, ameshaujeruhi kabla haujaanza kazi.

Kwenye tumbo ndiko uzembe unakoumiza. Ukuta wake ukishonwa kwa uzi mmoja mfululizo, kidonda kizima kinategemea mafundo ya mwanzo na mwisho. Moja likiachia, mshono wote unalegea.

Hata hivyo fundo lisibebeshwe lawama zote. Mara nyingi tumbo likifumuka na kufunguliwa tena, fundo linakutwa zima, uzi mzima, ila umekata nyama. Ukikaza mno damu haipiti, na tishu isiyopata damu haishikilii kitu. Kingo zinatakiwa zikutane, si kunyongwa. Utafiti wa STITCH uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2015 ulilinganisha mishono midogo ya milimita 5 iliyokaribiana na mikubwa ya sentimita 1. Kati ya wagonjwa 560, baada ya mwaka mmoja ngiri ya kwenye kovu ilipatikana kwa asilimia 13 ya walioshonwa kwa mishono midogo, dhidi ya 21 ya wale wengine. Kushona hivyo kunachukua dakika zaidi, jambo ambalo mashabiki wa saa hawapendi kulisikia.

Basi kwenye mtihani, mtahini aweke saa mfukoni. Akate kitanzi kilichofungwa, ashike pande zake mbili kwa koleo, avute taratibu huku akitazama zile ncha fupi. Fundo linaloteleza humeza ncha zake mbele ya macho yako. Jaribio hilo halihitaji mashine, na nyuzi zilizopitwa na muda wa matumizi zinatosha kabisa kulifanyia.