Mnara na Njia Iliyo Nyuma Yake: Intaneti ya Lushoto

Kati ya saa moja na saa nne za usiku, mjini Lushoto, simu huonyesha vijiti vyote vya mtandao na alama ya 4G pembeni, lakini fomu ya kuombea mkopo wa elimu ya juu haifunguki. Vijana hukaa kwenye mabenchi ya steshenari wakitazama kiduara kinavyozunguka kwenye kioo, mwenye duka akiwaambia kwamba mtandao unasumbua, na baadhi yao huamua kurudi nyumbani ili wajaribu tena usiku wa manane. Mimi mwenyewe nimewahi kuamka saa tisa za usiku mara tatu katika wiki moja ili kupakia faili lisilozidi megabaiti ishirini, ambalo mchana lilikuwa likifika katikati na kukatika. Nimeanza na jambo hili kwa sababu mjadala wa intaneti ya milimani huku Usambara huwa unakwama kwenye swali la kwamba mtandao upo au haupo, na swali hilo haliwezi kueleza hali ya mji ambao mtandao upo na kazi haifanyiki.

Swali lenye uzito ni la mpangilio wa fedha. Je, fedha za umma zinazotengwa kwa mawasiliano ya vijijini zimalizie kwanza kata ambazo hazina mnara hata mmoja, au zitumike pia kuongeza kasi katika miji midogo kama Lushoto, Soni, Mlalo na Bumbuli, ambako mnara ulishasimama zamani? Nimewasikia watu wenye akili timamu na nia njema wakisimama pande zote mbili, na sidhani kwamba upande wowote unastahili kupuuzwa.

Wanaotaka kata zisizo na mnara zitangulie wana hoja yenye nguvu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa sababu kampuni za simu, zikiachwa zifuate soko peke yake, haziendi mahali ambapo wateja ni wachache na ujenzi ni ghali. Tarehe 13 Mei 2023, jijini Dodoma, mfuko huo na kampuni za simu walitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Kwa mtu anayeishi kwenye kitongoji kilichojificha nyuma ya kilima upande wa Mtae, mnara mmoja tu hubadilisha maisha. Mama anapopatwa na uchungu wa uzazi usiku, wanaomuuguza hawahitaji kasi ya kutazama video. Wanahitaji kupiga namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, na kupata gari. Kutuma na kupokea pesa kwa simu ya kitochi hupita kwenye menyu ya namba za nyota na alama ya reli, na huduma hiyo haihitaji intaneti kabisa. Maji ya kifuu, wahenga walisema, ni bahari ya chungu, na anayelalamika kwamba bahari yake haina kina anapaswa kumkumbuka jirani ambaye hajapata hata hicho kifuu.

Hoja hiyo naikubali kwa moyo wote pale inapohusu maisha ya watu. Ninapotofautiana nayo ni pale inapogeuzwa kuwa kanuni ya kwamba mji wenye mnara umeshahudumiwa na hauna la kudai. Katika miaka michache iliyopita Serikali yenyewe imehamishia mtandaoni mambo ambayo zamani yalifanyika kwa karatasi. Zabuni za umma, zikiwamo za halmashauri, tangu mwaka 2023 zinapita kwenye mfumo wa NeST, hivyo fundi wa Lushoto anayetaka kujenga darasa la shule ya Lushoto anapaswa kupakia nyaraka zake kabla ya saa iliyowekwa, sawa na mkandarasi aliyekaa Dar es Salaam kwenye faiba. Maombi ya ajira serikalini, maombi ya mikopo ya wanafunzi na mashauri ya mahakamani nayo yameingia humo humo. Mji huu una Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na kule Magamba vijana wamesoma elimu ya juu kwa miaka mingi. Watu hawa hawaombi anasa. Mlango wa huduma ukishahamishwa, mwenye kasi ndogo anaachwa nje ya mlango huo hata kama jina lake limeandikwa kwenye hesabu ya waliofikiwa.

Hapa inabidi nieleze kidogo jinsi mnara unavyofanya kazi, kwa sababu ubishi mwingi unatokana na kutolitazama jambo hili. Mnara hubeba kipande cha mwisho tu cha safari, kupitia hewani hadi kwenye simu. Nyuma yake lazima kuwe na njia ya kuurudisha mzigo wote wa data kwenye mtandao mkubwa, na njia hiyo ama ni kebo ya nyuzi za kioo, yaani faiba, ama ni mawimbi ya redio yanayorushwa kutoka mnara mmoja hadi mwingine kupitia yale masahani unayoyaona yamefungwa juu. Katika nchi ya tambarare mnara mmoja huuona mwenzake bila shida. Katika milima yetu, ambayo mabonde yake ni kama mikunjo ya kitambaa, minara miwili iliyo kilomita chache kutoka kijiji kimoja hadi kingine huenda isionane kabisa, kwa hiyo mawimbi hulazimika kurukia kilele cha tatu. Kila mruko una gharama yake, na pale minara kadhaa inapobebwa na mruko mmoja, wote wanagawana upana ule ule.

Wakazi wa huku wataelewa haraka nikitumia barabara yetu. Kutoka Segera hadi Mombo lami ni pana na magari yanapishana bila wasiwasi. Ukishakata kona pale Mombo kuanza kupanda kuelekea Soni, kilomita zaidi ya thelathini zinazobaki ni kona kali, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili, na lori moja la kabichi likiharibika wote mnasubiri. Kuongeza vituo vya mabasi mjini Lushoto hakuwezi kuipanua barabara hiyo. Ndivyo ilivyo kwa data. Chukua mfano wa mnara ambao njia yake ya nyuma ina upana wa megabiti mia moja kwa sekunde. Wakiutumia watu hamsini kwa pamoja, kila mmoja anapata megabiti mbili, na faili la megabaiti sitini litachukua dakika nne, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Wakifika mia mbili saa mbili za usiku, kila mmoja anabaki na nusu megabiti, na faili lile lile linachukua dakika kumi na sita, iwapo halitakatika kabla. Vijiti kwenye simu havitapungua hata kimoja, kwa sababu vijiti vinapima nguvu ya mawimbi kati ya simu na mnara, wala havijui msongamano ulioko nyuma.

Wala si kweli kwamba nchi ina uhaba wa njia kubwa. Kebo ya baharini ya SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy ikafuata mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukasambaza uwezo huo mikoani, Tanga ikiwamo. Ni haki pia kukiri kwamba si kila kusuasua kunatokana na mlima: tarehe 12 Mei 2024 kebo hizo mbili zilikatika baharini karibu na pwani ya Afrika Kusini, na siku hizo Kariakoo na Lushoto tuliteseka pamoja. Tofauti ni kwamba wenzetu walipona kebo zilipotengenezwa, nasi tukarudi kwenye foleni yetu ya kila usiku.

Kampuni za simu nazo zina upande wao, na si haki kuzisema kana kwamba zinafurahia kutuuzia bando lisilofanya kazi. Kupandisha chuma, betri na mafuta ya jenereta hadi kilele kisicho na barabara kunagharimu zaidi kuliko kuusimamisha mnara kando ya barabara kuu. Umeme ukikatika mvua za masika zikiwa zimeibomoa njia, fundi hafiki siku hiyo. Watu wametawanyika kwenye miteremko, na wengi wananunua bando dogo la siku. Mitambo inayotumia masafa ya chini, kama ya megahezi 700 au 800, huenda mbali zaidi na kupenya vizuri kwenye miti na kuta, lakini masafa hayo hayana upana mkubwa wa kubeba data kama yale ya juu. Juu ya yote hayo kuna ushuru wa bidhaa na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 kwenye huduma za mawasiliano, mzigo ambao mwishowe unamfikia mnunuzi wa bando. Anayesema kwamba soko pekee litaileta kasi Mlalo hajapiga hesabu hizi.

Mara kwa mara hutajwa Kilimanjaro. Mwezi Agosti 2022 shirika la simu la TTCL lilipeleka intaneti ya kasi hadi kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Baadhi ya watu huku walikasirika, wakiuliza kwa nini mpanda mlima wa kigeni apate kabla ya mwalimu wa Shume. Sikubaliani na hasira hiyo moja kwa moja, kwa kuwa mawasiliano mlimani huokoa maisha ya wapandaji na wapagazi wetu, na utalii unaingiza fedha. Lakini mradi ule ulituondolea kisingizio kimoja ambacho tumekisikia miaka mingi, cha kwamba mwinuko na mawe havishindiki. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi.

Setilaiti nayo inatajwa kama njia ya mkato. Zile za zamani zinazokaa kilomita takriban 36,000 juu huchelewesha jibu kwa karibu nusu sekunde, jambo linalochosha kwenye mazungumzo ya video. Mpya kama za Starlink, zilizoanza kuhudumia Kenya mwaka 2023, huzunguka kilomita 550 hivi na hazina ucheleweshaji huo. Kwa zahanati au shule iliyo pembezoni, ambako kuchimba faiba kungekuwa ndoto, naona ni msaada mzuri. Kwa kaya ya mkulima wa karoti, kununua sahani na kulipia kila mwezi ni mzigo asioweza kuubeba, kwa hiyo setilaiti haiwezi kuwa jibu la mji mzima.

Nikipima yote, msimamo wangu ni kwamba kata zisizo na mnara zitangulie kwenye ujenzi wa minara, lakini fedha ya njia ya nyuma isihesabiwe kuwa ni ya mji wala ya kijiji, kwa sababu wote wanaitumia. Mnara mpya ukisimikwa Mtae na kuning'inizwa kwenye mruko ule ule uliokwisha kujaa, utawapa watu wa Mtae sauti na kuwapunguzia wa Lushoto kasi, kisha pande mbili zitalaumiana bure. Faiba yenye upana wa kutosha kutoka Mombo hadi Lushoto, na kutoka hapo hadi Mlalo na Bumbuli, ikiwa wazi kwa kampuni zote kwa bei moja inayojulikana, ingeziwezesha hata kata za mbali kupata mruko mmoja mfupi badala ya mitatu mirefu. Najua pingamizi lake: njia moja ya pamoja inaweza kumfanya msimamizi wake abweteke, na pia ni hatari kutegemea bonde moja ambalo kila masika hutishia kuporomoka. La kwanza linahitaji Mamlaka ya Mawasiliano isimamie bei na ubora bila kuoneana haya. La pili linahitaji njia ya pili ya kutokea, ama kupitia Bumbuli kuelekea Korogwe, ama kushuka kutoka Mlalo kwenda nyanda za Umba, hata kama ya pili itakuwa nyembamba. Barabara zinapofukuliwa kwa matengenezo, bomba la kupitishia faiba lilazwe wakati huo huo. Kuchimba jabali mara mbili ni kupoteza fedha ambazo zingejenga mnara mwingine.

Jambo ambalo lingetusaidia mapema kuliko yote halihitaji kuchimba chochote. Mikataba ya ruzuku ya minara isiishie kuhesabu watu waliofikiwa na mawimbi, bali itaje kasi ya chini kabisa ambayo mteja anapaswa kuipata, na matokeo ya vipimo yabandikwe kwenye ofisi ya kata kila baada ya miezi mitatu, ili madiwani wawe na la kuuliza kwenye baraza lao. Na wakaguzi wasije saa nne za asubuhi, wakati wanafunzi wako darasani na wakulima wako mashambani. Waje saa mbili za usiku, wakae kwenye yale mabenchi ya steshenari, wafungue fomu ya mkopo kwa laini ya kawaida na bando la kawaida, na waandike kwenye ripoti yao dakika walizosubiri.