Dripu kwanza, antibayotiki zisubiri

Lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, wengi walifia palepale. Majeruhi wakakimbizwa hospitali, baadhi hadi Muhimbili, na idadi ya vifo ikazidi kupanda siku baada ya siku hadi ikapita 100. Ndivyo majeraha makubwa ya moto yalivyo. Akinusurika kwenye moto, mgonjwa anaweza kufa kwa kupungukiwa maji mwilini, na akivuka hapo, bakteria wanamsubiri.

Ndiyo maana ndugu kwenye korido huuliza: "Dokta, mbona hajachomwa sindano?" Kwetu asiyepewa antibayotiki huhesabiwa kuwa hajatibiwa. Mimi nasema kumpa kila aliyeungua antibayotiki za mshipani tangu saa ya kwanza, eti kinga, ni kosa.

Ngozi iliyoungua hadi ndani imekufa, na mishipa yake ya damu imeziba. Dawa inayosafiri kwenye damu itafikaje hapo? Inazunguka kwingine, inaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wale sugu, kama Pseudomonasi na Asinetobakta. Huyo wa pili aliwasumbua sana askari wa Marekani waliojeruhiwa Iraq. Halafu kuna homa: mwili ulioungua sana hupanda joto na moyo kwenda mbio hata pasipo maambukizi, kwa hiyo homa peke yake haitoshi kuanzishia dawa. Kitazamwe kidonda: kimebadilika rangi, kinanuka, ngozi ya pembeni imeanza kuwa nyekundu? Presha imeshuka? Hapo dawa ianze mara moja, kwa dozi kamili, na sampuli ya kidonda ipelekwe kuoteshwa, ili bakteria aliyemo ajulikane, kama maabara ipo.

Najua jibu la daktari wa vitani: maabara hakuna, na mgonjwa huenda nisimwone tena kesho. Hoja hiyo ni nzito, na kwa mwenye vipande vya bomu au mfupa uliotoka nje naikubali moja kwa moja. Kwa aliyeungua tu, siikubali. Kwenye maafa kinachokosekana zaidi ni mikono. Mtu wa kilo 70 aliyeungua nusu ya mwili, kwa kanuni inayotumika sana, anakadiriwa lita 14 za dripu ndani ya saa 24, nusu yake katika saa 8 za mwanzo tangu aungue, huku mkojo ukipimwa ili kiasi kirekebishwe. Nesi anayechanganya sindano za kinga za wagonjwa themanini atapima mkojo wa nani?

Usafi nao hauna mbadala. Klabu ya muziki ya Colectiv, Bucharest, mji mkuu wa Romania, iliungua Oktoba 2015. Zaidi ya watu 60 walikufa, chini ya nusu yao usiku uleule, na kati ya waliofia hospitalini wako waliouawa na maambukizi ya humohumo wodini. Mwaka uliofuata waandishi wa gazeti la michezo (ndiyo, la michezo) walifichua kuwa dawa za kusafishia, za kuua vijidudu, zilizouzwa hospitali za Romania zilikuwa zimechakachuliwa.

Ningepewa bajeti ya maafa ya hospitali ya mkoa, ningenunua dripu za Ringer (maji yenye chumvichumvi), gozi, krimu ya silva salfadiazini ya kupaka kidonda, chanjo ya pepopunda, morfini na sabuni nyingi, kisha vifaa vya kukata ngozi iliyokufa na kupandikiza mpya mapema. Antibayotiki zingekuwepo pia, kabatini, na ufunguo angekaa nao daktari.