Benga haina albamu

Jumapili moja mzee wangu alikuja kunitembelea mtaani Umoja, Nairobi. Nikamwekea D.O. Misiani, mwanamuziki wa benga, ule muziki wa magitaa ulioanzia kwa Waluo, kwenye kompyuta, akatulia, mguu ukaanza kupiga sakafu. Gitaa lilipokaribia kunoga, wimbo ukakatika, ikaingia reggae.

"Hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza," akasema. "Ya pili iko wapi?"

"Ipo, Baba. Sijui tu iko folda gani."

Aliniangalia kama mtu aliyepika ugali bila mboga.

Kosa halikuwa langu peke yangu. Programu karibu zote za muziki hupanga nyimbo kwa msanii, kisha albamu, kisha wimbo. Utaratibu huo unamfaa mtu ambaye muziki wake ulitoka kwa albamu. Sisi benga na rumba zetu za miaka ya 70 ziliuzwa River Road, Nairobi, kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na mara nyingi wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili: upande A waimbaji, ugeuze santuri, upande B magitaa yakipagawa. Albamu itoke wapi? Ukiiacha nafasi ya albamu wazi, programu inazirundika zote mahali pamoja kama nguo za mitumba kabla ya kuchaguliwa. Kwangu zilikuwa zaidi ya 900, Joseph Kamaru, mwimbaji wa Kikuyu, akibanana na taarab ya Mombasa.

Wengi wetu hudhani kupanga muziki ni kuunda folda. Nami nilipoteza wikendi nzima kwa hilo. Lakini ukihamishia wimbo kwenye flashi au simu, folda inabaki nyumbani. Kinachosafiri na wimbo ni lebo iliyo ndani ya faili lenyewe, yaani maandishi ya jina la wimbo, msanii, albamu na kadhalika. Lebo hizo, ID3, zilibuniwa mwaka 1996, na toleo la kwanza lilikuwa finyu ajabu: baiti 128 tu mwishoni mwa faili, herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii. Andika "Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz" uone: linakatikia "Shirat". Aina za muziki zilikuwa orodha ya 80 isiyobadilishwa. Polka ilikuwamo, namba 75. Benga haikuwamo, wala taarab. Toleo la pili, la 1998, liliondoa vizuizi hivyo, kwa hiyo leo hakuna sababu ya kuacha Misiani aitwe "World". Futa, andika Benga.

Mimi natumia Mp3tag, programu ya kuhariri lebo, ni ya bure kwenye Windows, na inakuruhusu kurekebisha mafaili mia kwa mpigo. Kwenye albamu naandika jina la wimbo wenyewe, halafu sehemu ya kwanza inakuwa namba 1, ya pili namba 2. Basi. Hazitengani tena, mradi usibonyeze kile kitufe cha kuchanganya nyimbo.

Kichwa kiliniuma zaidi kwenye majina ya bendi. Kundi la Misiani lilirekodi kama Victoria Boys, kama Shirati Luo Voice, kama D.O. 7, kama Shirati Jazz. Ukiyaacha hivyo, mtu mmoja anakuwa wanne. Ukiyafanya jina moja, umefuta historia. Dawa yake ni kwamba lebo ina nafasi mbili: "msanii", ambapo naandika jina kama lilivyochapishwa kwenye santuri, na "msanii wa albamu", ambapo naandika Shirati Jazz kote. Ila bendi za Simba Wanyika na Les Wanyika usiwaunganishe. Hao waligawanyika kwelikweli mwaka 1978, na mashabiki wao hawajamaliza ubishi.

Kuna wanaosema acha intaneti ikujazie. Nilijaribu. Programu moja iliona kichwa cha wimbo wa Kijaluo ikakibandika jina la msanii ambaye sijawahi kumsikia, na nyimbo za 1975 zikapewa mwaka 2001 kwa sababu ndipo CD ya mkusanyo ilipotolewa. Siku hizi mwaka nisioujua nauacha wazi. Pengo naweza kuliona na kulijaza baadaye. Mwaka wa uongo utanidanganya hadi nizeeke.

(Na kabla ya kugusa lebo yoyote, nakili kila kitu kwenye diski ya nje. Stima ikipotea katikati ya kazi, utanikumbuka.)

Yaliyobaki ni yale mafaili ya WhatsApp, AUD-20190314-WA0012 na ndugu zake. Hayana lebo, hayana kitu. Kwa hayo mashine yangu ni Mzee. Nampigia simu jioni, nasogeza simu kwenye spika, sekunde kumi hazipiti.

"Hiyo ni ya Luo Voice. Upande B."

Kisha ananiuliza upande A uko wapi.