Alamu ya gari yangu haimjui mwizi, inanijua mimi

Saa nane na dakika kumi usiku. Najua ni na dakika kumi kwa sababu ndo muda wake, hakosi, hata basi la mkoani haliondoki kwa uaminifu huo. Inaanza na ile ya ambulensi, wiii-waaa wiii-waaa, ikimaliza inaingia ya ndege mgonjwa, tiyu tiyu tiyu, alafu ile ya bunduki ya mtoto ya sikukuu, alafu ile inayopanda taratiiibu kama mtu anavuta ndoo kisimani, ya tano siwezi kuiandika, na ya sita ni ambulensi tena ila safari hii imelewa. Sauti sita. Watoto wa mtaani kwetu huku Tabata wameshazikariri zote kwa mpangilio, wakicheza kombolela anayekamatwa anaimbishwa alamu yangu mpaka mwisho, na akichanganya ya nne na ya tano anarudia.

Sasa ukiiona gari yenyewe inayolindwa hivyo utacheka. Carina ya 1998, namba B, zamani ilikuwa silva, siku hizi imekuwa rangi ya sufuria iliyoachwa kwenye mkaa. Mlango wa nyuma kushoto unafunguka kwa ndani tu. Kioo cha dereva kushuka kinashuka chenyewe, kupanda lazima ukisindikize kwa mkono. Mwizi akiiba hii gari mi nitamwombea dua, maana hafiki Buguruni kabla hajanitafuta anirudishie na nauli juu.

Na msidhani haijawahi kuibiwa. Siku moja nimepaki nje ya saluni namsubiri mama watoto, mchana kweupe, nimeenda tu kununua maji, narudi saiti mira zote mbili hazipo. Zote mbili! Mtu amekaa pale, ametikisa gari, amezing'oa moja moja. Alamu kimya. Kimya kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nikaenda kwenye maduka ya spea, kijana akaniambia subiri bosi, akarudi na pea moja safi, nageuza naona zimechorwa namba ya gari, namba yangu mimi. Nikalipa. Nikamshukuru pia, ningefanyaje.

Lakini embe moja tu likidondoka kwenye boneti usiku, wiii-waaa. Paka akipita juu ya bati la gari, wiii-waaa. Bajaji iliyokatwa egzosi ikipita barabara ya juu, wiii-waaa. Yaani hii kitu inaogopa vitu vyote duniani isipokuwa mwizi.

Wakati nanunua hii gari dalali aliniambia, "Bosi, alamu ipo ila imekufa siku nyingi, usiijali." Na kweli miaka mitatu sijasikia hata mlio. Ila kataa kadogo kekundu pale juu ya dashibodi kalikuwepo, nako kamekufa. Basi mwezi wa nne nikabadilisha betri. Fundi mmoja mpole sana, mtu wa watu, akasugua kutu kwenye vichwa vya betri, na katika wema wake akaona waya mmoja mwekundu unaning'inia hauna kwao, akasema huu umechomoka, akaurudisha. Hakunidai hata mia kwa huo waya. Nikageuka naona kale kataa kekundu kanapepesa, tik, tik, tik, nikafurahi jamani, nikasema gari imepona! Mtu anafurahia kifo chake.

Rimoti haipo. Haijawahi kuwepo. Kwa hiyo kuizima ni kufungua mlango, kuwasha swichi, kuzima, kuwasha, kuomba. Wakati mwingine inakubali, wakati mwingine inaona wewe ndo mwizi mwenyewe inaongeza bidii.

Wiki ya pili mzee wangu wa jirani akanigongea. Mstaafu wa reli, mtu mzima, amejifunga shuka, tochi mkononi, saa nane na robo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika kwanza, maana adabu ni adabu hata kama mtu amekuja kukugombeza, "Marahaba." Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimelala na treni miaka mingi. Treni ina heshima. Inapiga honi, inapita. Hii yako mbona haipiti?" Nikakosa jibu. Mpaka leo sina.

Basi usiku uleule nikasema liwalo na liwe. Nikachukua spana namba 10, nikafungua boneti, simu nimeing'ata mdomoni inamulika, nikachomoa kichwa cha hasi cha betri. Gari haina umeme, si ndiyo? Taa zikazima. Nikashusha pumzi. Sekunde moja.

Wapi. King'ora kikalia mara mbili ya mwanzo.

Kumbe, na hili hakuna aliyewahi kuniambia, ving'ora vingine vina betri yake humohumo ndani, ndogo, ya kuchaji. Ukikata umeme wa gari chenyewe kinaelewa kwamba mwizi amekuja na spana, kinaanza kujitegemea. Waliokitengeneza walimuwaza mwizi mwerevu, hawakumuwaza baba wa watu aliyevaa bukta. Na ubavuni mwake kuna kitobo cha ufunguo, kafunguo kadogo kama ka kufuli la tranka la shule ya bweni, ukizungusha kinanyamaza. Mwenye gari wa kwanza alikuwa nako. Wa pili labda. Mi ni wa nne.

Nikakifungua bolti mbili, plaizi, nikakata waya zake, nikabaki nimekishika mkononi kikiwa kinaimba ile ya bunduki. Mama watoto akatoka mlangoni, bila neno akanirushia kanga. Nikakiviringisha mikunjo mitano sita nikakimbia nacho kuelekea stoo, na nyie piga picha, mwanaume kifua wazi anakatiza uani saa nane usiku amekumbatia kitu kwenye kanga na kinalia. Kuna dada alikuwa anarudi kutoka shifti ya usiku, alinitazama kwa macho ambayo mpaka leo salamu zetu hazijanyooka. Nikakitumbukiza kwenye ndoo ya unga, nikaweka mfuniko, juu yake tofali. Ndo kwenye mwanga wa simu nikasoma kipande cha kanga kilichobaki nje: KELELE ZA MLANGO HAZINIKOSESHI USINGIZI. Nikamtazama mke wangu. Akasema, "Ndiyo iliyokuwa karibu."

Kililia ndani ya unga kama dakika ishirini kikaishiwa. Tukalala.

Asubuhi ukimya, raha, ndege wanasikika. Nikarudisha kichwa cha betri, napiga swichi, gari haiwaki. Starta haisemi kitu, hata ule mlio wa "ka" haupo. Ila indiketa zote nne zinapepesa, kwa furaha kabisa, kama zinanikonyeza. Kwa sababu king'ora ni mdomo tu jamani, ubongo wenyewe uko ndani ya gari, na ule ubongo umeshika waya wa starta. Ukizubaa kidogo unajifunga wenyewe. Basi nikawa na gari linalowaka likitaka. Siku moja kituo cha mafuta nimezima injini niwekewe mafuta ya elfu kumi, narudi kuwasha, hola, indiketa tik tik tik, nyuma yangu foleni mpaka barabarani, wahudumu wawili na abiria wa bodaboda wakanisukuma, na elfu kumi yangu ya mafuta.

Nikaipeleka kwa fundi mwingine. Akachungulia nusu dakika, akatoa kichwa na sura ya daktari anayetaka kuongea na ndugu wa mgonjwa. Laki na themanini, tubadilishe wayaringi yote. Nikamwambia nakuja.

Aliyeniokoa ni dogo anayetengeneza sabufa pale kona. Hajawahi kugusa gari. Akaniuliza swali moja tu, "Braza mkubwa, hiyo taa inayopepesa inapata wapi umeme?" Akasema tusitafute alamu, tufuate taa, maana taa haiwezi kudanganya imetoka wapi. Na hapo ndo nikatumwa mimi chini ya dashibodi kwa vile yeye kashika testa, kichwa kwenye pedali ya klachi, mgongo kwenye kizingiti cha mlango, miguu nje. Uliza watu wazima waliowahi kulala mkao ule, shingo inapotea wiki. Nikiwa humo nasikia sauti ya mtoto nje, "Shikamoo." Anaiamkia miguu. Nikaitika marahaba kutoka kwenye fyuzi. Akaja wa pili, wa tatu, nafikiri walipanga mstari.

Chini huko niliokota sarafu ya mia mbili, kifuniko cha kalamu, bisi moja ya miaka. Kisha nikaona vile viwaya viwili vyembamba vya kataa, vimepita nyuma ya redio, vikashuka juu ya nguzo ya usukani, na pale kikaonekana kiboksi cheusi, kikubwa kama pakiti mbili za sigara, kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Waya kumi na kitu zinatoka na zote nyeusi, zimezungushiwa tepu nyeusi, nyingine zimerefushwa zikazungushwa bila sababu. Nikatukana. Dogo akasema hapana, aliyefunga hakuwa mjinga, amefanya makusudi ili mwizi asijue upi ni upi. Tena mwizi!

Nikataka kuvuta kiboksi chote nitupe. Dogo akanishika mguu. Ukivuta tu, gari haiwaki tena milele, maana waya wa starta walishaukata katikati, wakapitisha ncha zote mbili kwenye rilei, yaani swichi, ya alamu, ikiondoka alamu inabaki waya iliyokatika. Lazima kwanza uzitafute hizo ncha, ndo waya nene kuliko zote na mbili zinafanana, uzirudishie ndoa yao. Akachomoa betri, akazipata, akazisokota, akazichomea kwa risasi, akafunga tepu. Baada ya hapo soketi ya kiboksi ikatoka kwa vidole viwili tu. Tukarudisha betri, nikapiga swichi, ikawaka mara ya kwanza. Sikulia ila pua iliniwasha.

Akanionyesha na kitu kingine, kidude kidogo cha plastiki kimebandikwa pembeni. Sensa. Siyo ile ya 2022 ya kuhesabu watu, hii ni ya kuhesabu mitikisiko. Ina kaskrubu kadogo cha kupunguza na kuongeza ukali. Kalikuwa kamezungushwa mpaka mwisho, kule kwenye embe na paka. Yaani miezi yote ile, mzee wa watu na shuka lake, kanga, ndoo ya unga ambayo tulikuja kuila ina ladha ya gari, ilikuwa nusu mzunguko wa bisibisi. Akapima na betri, ikasoma chini wakati nzima inatakiwa iwe volti 12.6 hivi, alamu ilikuwa inainyonya mchana na usiku alafu betri ikichoka yenyewe inaona kuna hujuma inalia. Inakula kwangu na kunisingizia juu.

Elfu ishirini. Nikampa ishirini na tano. Akauliza, "Braza, na haya makorokoro unatupa?" Kiboksi, sensa, king'ora chenye unga kwenye matundu. Nikamwambia chukua baba, peleka mbali, Mungu akubariki.

Wiki mbili nimelala kama mtoto aliyeshiba uji.

Sasa juzi namkuta mzee wangu wa reli uani kwake, ana ngazi, ana furaha isiyo ya kawaida. Ananieleza kuna kicheche anamaliza kuku wake, wameondoka saba, polisi hawashughuliki na kicheche, lakini amepata kijana hodari sana pale kona, kamfungia mtambo kwenye banda kwa betri ya pikipiki, bei poa. "Kitu kikigusa banda tu," anasema, "mtaa mzima utajua." Nikamuuliza taratibu kama kijana alipunguza ule ukali. Akasema yeye mwenyewe ndiye aliyeomba uongezwe, masikio yake siku hizi hayasikii vizuri.

Banda lile limeegemea ukuta wa chumba changu. Kuku ishirini na tatu, na jogoo wawili wasioelewana.

Jana nimeshtuka gizani, nikatazama simu, saa nane na dakika kumi. Ya ambulensi. Nikakaa kitandani nangoja ya ndege mgonjwa, ikaja. Mama watoto hakufungua hata macho, alinyoosha mkono akapapasa kwenye kamba, akanirushia kanga.