Mwandishi kasahau simu

Makala kuhusu miji midogo iliyokufa ya Saskatchewan, jimbo la ngano huku Kanada, ni nzuri, ila picha za maghala marefu ya mbao ya kuhifadhia nafaka peke yake hazitoshi kueleza maisha ya mji mdogo wa huko. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee huku Kanada, na wakianza kusimulia ujana wao hawaanzi na ghala. Wanaanza na simu! Laini moja ilikuwa ya familia kadhaa, kila nyumba na mlio wake: mmoja mrefu na miwili mifupi ni kwa fulani, mitatu mifupi ni kwa jirani. Ikilia tu, majirani nao wananyanyua polepole, kiganja kimeziba pa kuongelea ili pumzi isisikike. Bibi mmoja ananiambia habari za uchumba wake mtaa mzima ulizijua kabla ya mama yake. Umbea hauna kabila, jamani.

Halafu umeme. Mashambani kwao ulienea miaka ya 1950, baada ya sheria ya 1949 ya kupeleka umeme vijijini. Wanaodhani Wazungu wote walizaliwa na swichi ukutani wasome hapo.

Lakini mwandishi anaposema miji hii ilikufa kwa sababu vijana waliikimbia, hapo simkubalii. Vituo vilipangwa karibu karibu kando ya reli ili mkulima afikishe ngano kwa gari la farasi na kurudi siku hiyohiyo. Yalipokuja malori, na reli ndogo zikang'olewa, ghala lilifungwa, duka likafuata, shule nayo ikafuata. Sasa vijana wangebaki kufanya nini?