Asilimia 99 ya Kitu Kisicho na Mkono

Kazi ya HPLC, mashine inayotenganisha vitu vilivyochanganyika, katika maabara yetu ilikuwa juu yangu, kwa hiyo chati ilipita mikononi mwangu kabla haijafika kwa Profesa. Kilele kimoja tu (kila kitu kinachotenganishwa huchora chake), kirefu, chembamba kama sindano, na chini yake programu imeandika eneo 100.00. Mwanafunzi wa uzamivu mwenye sampuli, kwa adabu zake, hakutaka kuonekana mwenye tamaa. Akaandika "ee zaidi ya 99%" na kuondoka akipiga mluzi.

Kwa asiyeishi na mambo haya: molekuli nyingi zina mkono, wa kulia na wa kushoto, sura zilezile ila moja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo, na haziingiliani kama glavu zisivyobadilishana mikono. Kazi nzima ya uchochezi wa asimetria, yaani kutumia kichocheo kupata mkono mmoja, ni kumshawishi mmoja azaliwe zaidi kuliko mwenzake. Tunapima kwa ee: asilimia ya mmoja ukitoa asilimia ya mwingine. Mchanganyiko wa 88 kwa 12 ni ee ya 76%. Kufika 99% unahitaji 99.5 kwa 0.5, na hapo watu huanza kutafuta jarida la kupeleka makala.

Mmenyuko wenyewe haukuwa mgeni. Ni aldoli, yaani muungano wa asetoni na 4-nitrobenzaldehidi, ikichochewa na L-prolini, asidi ya amino ya mkono mmoja, ile ambayo List, Lerner na Barbas waliichapisha mwaka 2000, na ambayo ni sehemu ya kazi iliyompatia Benjamin List nusu ya Nobeli ya Kemia ya 2021. Kipimo chetu: miligramu 151 za aldehidi, miligramu 34.5 za prolini (asilimia 30 ya moli), mililita 8 za kiyeyushi cha DMSO na 2 za asetoni. Koroga kwenye joto la chumba. Prolini haiyeyuki yote mwanzoni, usihangaike nayo. Waliochapisha walipata ee ya 76%. Sisi, eti, tulipata 99.

Profesa alipokea habari hizo akasimama ubaoni. Kwa joto la nyuzi 25, ee ya 76% inadai tofauti ya takriban kilojuli 5 kwa moli kati ya njia mbili za mmenyuko. 99% inadai kama 13. Kwa hiyo kulikuwa na kilojuli 8 za kutafutwa, na mzee wetu si mtu wa kushindwa na kilojuli 8. Alichora enamini (prolini ikiwa imeshikana na asetoni), akachora kundi la kaboksili likiishika oksijeni ya aldehidi kwa kifungo cha haidrojeni, akageuza uso wa Re, mmoja wa pande mbili za aldehidi, ukatazama juu, akaweka mishale. Kufikia adhuhuri kilojuli zote 8 zilikuwa zimepatikana, nyingine zikabaki. Lilikuwa somo zuri, na mimi nilinakili.

Ila kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Kilele kilitoka mapema mno. Tulikuwa tunapitisha viyeyushi viwili, heksani na isopropanoli, 90 kwa 10, mililita 1 kwa dakika, taa ikiwa kwenye nanomita 254. Katika mfumo huo chenye kundi la OH huchelewa, maana kinashikana na koloni, bomba la mashine linalotenganisha vitu. Chetu kilipita mbio kama kisichojuana na mtu humo ndani.

"Rasemati, mchanganyiko wa nusu kwa nusu, iko wapi?" nikamuuliza kijana.

"Ya nini, wakati kilele ni kimoja?"

Sasa, hilo ndilo swali ambalo kila maabara ya aina hii imewahi kulisikia. Kilele kimoja kina maana pale tu ulipokwisha kuonyesha kwamba koloni hiyohiyo, kwa kiyeyushi hichohicho, inaweza kutoa viwili. Tukatengeneza rasemati kwa DL-prolini, yenye mikono yote miwili, hatua zote vilevile, ila usafishaji nikafanya mwenyewe. Vikatoka vilele viwili sawasawa, vizuri ajabu. Vyote viwili vilichelewa sana kuliko chetu. Yaani kilele chetu hakikuwa cha kulia wala cha kushoto.

Profesa akasema labda koloni imechoka. Tukaenda kwenye polarimeta, inayopima jinsi vitu vyenye mkono vinavyogeuza mwanga, nanomita 589, tukasoma sifuri. Akasema labda taa imechoka. Tukaweka maji ya sukari, ambayo ina mkono, na mashine ikasoma vizuri kabisa. Tukarudisha sampuli yetu. Sifuri.

NMR, mashine inayoonyesha kila haidrojeni imekaa wapi kwenye molekuli, ndiyo iliyomaliza ubishi. Aldoli halisi ina haidrojeni ya CH–OH karibu na 5.26 ppm, na CH2 karibu na 2.84. Kwetu hapakuwa na kitu hapo, patupu. Badala yake vilikuwepo vilele viwili vilivyogawanyika maradufu, 6.8 na 7.5, vikiachana kwa hezi 16. Hezi 16 ni alama ya kifungo maradufu cha aina ya trans. Mass spektrometa, inayopima uzito wa molekuli, nayo ikatoa 191 badala ya 209. Zimepungua 18, yaani maji yameondoka. Tulichokuwa nacho ni enoni, yaani aldoli iliyopoteza maji. Enoni hiyo ni bapa, haina kaboni yenye mkono, haina pacha. Ee yake haipo, na Profesa alikuwa ametumia asubuhi nzima kueleza kwa nini ni 99.

Kisa chenyewe ni DMSO. Inachemka nyuzi 189, haiondoki kirahisi. Njia ya kawaida ni kuzima mmenyuko kwa myeyusho wa ammoni kloridi uliojaa, kuivuta bidhaa kwa kiyeyushi cha ethili asetati, kisha kuiosha kwa maji mara kadhaa mpaka DMSO iende nayo. Kijana aliogopa kupoteza bidhaa kwenye maji, akaruka hatua zote akapeleka mchanganyiko mzima kwenye rotavepa, mashine ya kuvukiza viyeyushi: pampu kali, bafu nyuzi 80, usiku kucha. Prolini bado imo ndani. Na prolini ikipata joto na muda haiishii kwenye kuunganisha. Inaishika ketoni ya aldoli, inatengeneza iminiamu (kiungo cha kati), na maji yanatoka kwa raha zote. Asubuhi chupa ilikuwa na kitu cha njano kizuri kinachong'aa.

Tukarudia kwa utaratibu: bafu nyuzi 35, maji baridi, kisha maji ya chumvi. Ee ikaja sabini na kitu, kama kitabu kinavyosema. Nikamwambia pia apime sampuli kabla ya kuisafisha kwa fuwele, maana fuwele hupendelea pacha mmoja au mchanganyiko, na namba unayopata baadaye ni ya fuwele, si ya kichocheo. Kwenye koloni ya silika ya kusafishia vilevile: ukichukua sehemu ya katikati tu ya kinachotoka, ee inaweza kupanda au kushuka bila prolini kuhusika. Changanya sehemu zote ndipo uingize sampuli kwenye HPLC.

Enoni tuliihifadhi. Sasa kila mgeni anayeanza mradi huu anapitisha kwanza kwenye HPLC aldehidi, enoni na rasemati, ajue kila mmoja anatoka lini.

Profesa alifuta ubao mwenyewe, akaacha enamini tu, akisema hiyo angalau ni ya kweli. Kijana akakohoa kidogo.

"Lakini Prof, mavuno yalikuwa asilimia 91."

"Ya nini?"

"Ya enoni, Prof."