Macho Manne kwenye Dozi ya Mtoto

Tuchukue mtoto wa kilo 10, katoka kufanyiwa operesheni na anahitaji sindano ya mofini, dawa kali ya maumivu. Kwa kipimo cha mg 0.1 kwa kila kilo, anastahili mg 1. Ampuli, kile kichupa cha dawa ya sindano, ina mg 10 ndani ya ml 1, kwa hiyo kinachotakiwa ni ml 0.1, kiasi ambacho hukioni vizuri mpaka uinue sirinji kwenye mwanga. Nukta ikiteleza hatua moja, mtoto anapata ml 1, yaani ampuli nzima. Na hakuna cha kumshtua muuguzi: kavunja ampuli moja tu, kama anavyofanya kila siku kwa wagonjwa wakubwa. Kwa mtu mzima kosa hilo hilo lingetaka ampuli kumi, na mkono wenyewe ungesita kabla hata ya kufika ya tatu.

Ndiyo maana wapo wanaotaka kila dawa ya mtoto aliyelazwa ihakikiwe na wauguzi wawili kabla ya kutolewa. Muuguzi yeyote anazijua haki tano tangu chuoni: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Hoja yao ni kwamba kuzijua hakutoshi saa tisa za usiku, macho yamechoka na mtoto wa kitanda cha pembeni analia. Akija mwenzako na akili yake, nukta iliyoteleza itaonekana.

Wanaopinga si wavivu, na mimi siwezi kuwapuuza. Kadiria wadi ya watoto, iwe Unguja au Pemba, ina watoto 20, kila mmoja na dawa tatu kwa zamu. Hizo ni hakiki 60. Ukizipa dakika tatu kila moja, ni saa tatu ambazo wauguzi wawili wamesimama kwenye meza ya dawa. Nani anaangalia dripu? Nani anampokea mtoto aliyeletwa anatukutika kwa homa? Kichanga mwenye sumu ya bakteria kwenye damu akicheleweshewa antibayotiki, huko nako ni kumdhuru, ijapokuwa hakuna atakayeandika kwamba dozi ilikosewa.

Lakini hoja yao iliyo nzito zaidi haihusu muda. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali ya watoto Australia, ambako watafiti walisimama na wauguzi na kuangalia dawa zikitolewa. Katika dawa 3,563 ambazo sheria ya hospitali ilitaka zihakikiwe na wawili, ni 36 tu ambazo muuguzi wa pili alipiga hesabu peke yake. Zilizobaki, karibu zote, alikuwa tayari kaambiwa jibu: "Hii ni ml 2, sivyo?" "Ndiyo." Hakiki ya namna hiyo haikuonekana kupunguza makosa. Tunaifahamu sote; ni sahihi mbili kwenye karatasi na jicho moja kwenye sirinji. Cha kushangaza, pale ambapo sheria haikuwalazimisha na wauguzi wenyewe wakaamua kumwita mwenzao, makosa yalikuwa machache na mepesi zaidi.

Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Anayemwita mwenzake kwa hiari kashahisi jambo, na anayeitwa anakuja kutazama kweli. Sheria ya dawa zote inaiua hisia hiyo. Naona bora orodha fupi: mofini, insulini, potasiamu ya mshipa, dawa za degedege, na chochote anachopewa kichanga kwa sindano. Kwa hizo, wawili, kila mmoja na karatasi yake, bila ya kuambizana jibu. Amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha haina haja ya mkutano.

Hata hivyo yako makosa ambayo macho manne hayayaoni. La kwanza ni uzito. Mtoto asipopimwa, wengi hukadiria kwa umri: ongeza nne, zidisha kwa mbili. Wa miaka mitatu anakuwa kilo 14. Akiwa kadhoofu na mizani ingesema 10, wauguzi wawili watapiga hesabu safi, watakubaliana, na watampa asilimia 40 zaidi. Mizani nzima pale mlangoni inaweza kuokoa zaidi kuliko sahihi ya pili.

La pili ni majina. Huku kwetu wadi moja kulala akina Ali Juma wawili si ajabu hata kidogo, na wakati mwengine hata jina la babu linafanana. Wawili wakisimama mezani wakasoma faili bila ya kwenda kitandani, wamehakiki karatasi, hawakumhakiki mtoto.

Kitandani yupo mtu ambaye sheria hizi zinamsahau: mama. Kakesha hapo, kaona kila sindano. Siku moja nilimsikia mmoja akisema kwa sauti ya chini kabisa, kama anayeomba radhi, "Sista, hii kashapewa na yule aliyetoka zamu." Ilikuwa kweli. Wengi hawangesema, wanaona kumuuliza nesi ni kukosa adabu. Mama hatopiga hesabu ya miligramu, sawa, lakini jina la mwanawe na saa ya dawa iliyopita anavijua kuliko faili.

Na kwenye kituo kidogo ambako usiku muuguzi ni mmoja, hao wawili watatoka wapi? Atampima mtoto, atapiga hesabu aiandike, ataifunika, atafanya kazi nyengine kidogo, kisha ataipiga upya bila ya kuitazama ile ya mwanzo. Zikilingana, amwambie mama ataje jina la mtoto, la baba na la babu, kabla hajaifungua pamba ya spiriti.